Kazi ya Matangazo: Utamu na Uchungu Wake

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walakini mjini Kamembe, mpakani mwa Rwanda na Kongo, hata kizuri hakina budi kutembezwa. Mchuuzi avukaye mto Rusizi kwenda Bukavu hunadi bidhaa zake kwa kinywa chake mwenyewe. Kampuni kubwa ya matangazo hufanya kazi iyo hiyo, ila kwa mpango kama wa kikosi: yuko wa kuonana na wateja, wa kutunga maneno, wa kuchora, na wa kununua nafasi magazetini na redioni.

Mfano ni Scangroup ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1996. Mwaka 2013 kampuni ya WPP ya London ilitwaa sehemu kubwa ya hisa zake.

Faida za kazi hiyo si haba. Kijana hufunzwa na mabingwa, hupata mshahara wa kila mwezi, na maneno yake husikika nchi nyingi. Kijana wa Kamembe ana akiba nyingine: hukua akisikia Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na tangazo lililotafsiriwa neno kwa neno halimgusi mnunuzi.

Lakini asali haikosi nyuki. Mteja ndiye bwana. Akitaka kazi iwe tayari asubuhi, watu hukesha. Mteja mkubwa akihama, watumishi hupunguzwa. Tena tangazo halibebi jina la aliyelitunga.

Uchungu ulio mkubwa zaidi ni wa dhamiri. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa umma, kwa kuwa yaliwashawishi akina mama waache kunyonyesha. Matangazo yale yalitungwa na watu hodari, wenye mishahara na familia zao.

Basi mzazi amuagaye mwanawe aendaye Kigali au Nairobi kuianza kazi hiyo asimwulize mshahara tu. Amwulize pia: je, kitu utakachokisifu mbele ya watu, utathubutu kukileta nyumbani, ukampe mdogo wako?