Stata ya Gari la Mzee: Itengenezwe, Mtumba au Mpya?

Marangu na Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, gari lisilo na stata linaweza kuishi miaka. Unaliegesha likitazama bondeni, asubuhi unaachia breki, unaingiza gia ya pili, linanguruma katikati ya migomba. Shida huanza ukishuka mjini Moshi. Sokoni Mbuyuni ni tambarare, na vijana wa kusukuma hawafanyi kazi ya sadaka. Na kama breki zako husaidiwa na injini, pedeli huwa ngumu kama jiwe hadi injini iwake, wakati gari tayari linateremka. Mteremko nao una bei yake.

Ukifika gereji utaambiwa, "Stata imekufa, tafuta nyingine." Kabla ya kufungua pochi, pima.

Weka gia huru, vuta breki ya mkono, washa taa kubwa, piga stata. Taa zikififia sana, shuku betri, vichwa vyake, au stata iliyokwama. Zisipobadilika kabisa, umeme haufiki au haupiti: angalia swichi, solenoidi na kaboni. Stata ikizunguka kwa kelele huku injini imetulia, bendiksi haiingii kwenye meno ya gurudumu la injini.

Kisha chukua mita. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa imepumzika. Ukipiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri ikiwa nzima na stata bado inajivuta, pima ethi. Injini ya gari kama Land Rover hukaa juu ya raba, kwa hiyo hutegemea waya wa ethi, na waya huo huliwa na kutu na matope ya masika. Funga waya wa kubusti kutoka kichwa cha betri cha upande wa ethi hadi kwenye chuma cha injini. Ikizunguka vizuri, dawa yako ni msasa na waya mpya.

Stata ikibainika ndiyo mgonjwa, una njia tatu.

Kutengeneza. Stata za zamani za kampuni ya Lucas ni chuma kizito kinachofunguka. Mara nyingi kinacholika ni kaboni na bushi, vitu vidogo visivyo ghali. Mwambie fundi akurudishie vilivyotolewa. Kama koili zimeungua, uliza bei ya kusuka kwanza. Jumla ikivuka nusu ya bei ya stata mpya, simama ufikiri.

Mtumba. Mwenye Land Cruiser ana uchaguzi mpana kuliko mwenye Land Rover Series II. Hesabu meno, linganisha matundu ya boliti, hakikisha ni volti 12 au 24 kama gari lako. Usilipe kabla haijabanwa kwenye jiliwa na kuzungushwa kwa betri mbele yako. Kuzunguka bila mzigo hakuthibitishi nguvu, kwa hiyo omba siku za kuijaribu garini, na ziandikwe kwenye risiti.

Mpya. Zile zenye gia ndani ni ndogo, nyepesi, na hula umeme kidogo, faida kubwa asubuhi za Julai oili ikiwa nzito. Lakini Land Rover nyingi za zamani za petroli zina solenoidi iliyo mbali na stata. Stata yenye solenoidi yake hudai waya ubadilishwe, na meno ya gurudumu yaoane nayo. Jumlisha gharama hizo kabla ya kuiita rahisi.

Ushauri wangu: gari likitumika kila siku kati ya kihamba (shamba la nyumbani) na mjini, na koili ni nzima, tengeneza ile ya asili. Koili zikiungua na bei ya kusuka ikiwa kubwa, nunua mpya inayooana. Mtumba ni wa aliyeruhusiwa kujaribu. Na hata ikishapona, endelea kuegesha likitazama bondeni. Siku betri ikilala, mteremko utakuokoa.