Miwani ya Kabiru

Mkitoka hapa Huruma kwa miguu, mkavuka barabara ya Outering na kuipita Kariobangi Kaskazini, si muda mtaingia Korogocho. Ng'ambo ya mto kuna jaa la Dandora, ambalo moshi wake mnaujua hata msipoliona. Jaa hilo lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayajaacha kumwaga. Pembe hiyo ndiyo iliyomlea Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984. Nyumba yao ilitazamana na jaa.

Nawasimulia habari zake kwa sababu ya swali mnaloniletea kila mara. Huyu alianza kuchora, yule alianza kuandika hadithi, mwingine alikuwa arekodi nyimbo kumi, na wote wanauliza: hamu imeenda wapi?

Kabiru alipokuwa mdogo alitamani sana kuvaa miwani. Baba yake hakutaka hata kuisikia, na mwenyewe amesimulia kwamba baba alimwambia, ukitaka miwani, jitengenezee. Basi akajitengenezea, kwa waya na takataka alizookota. Watoto wengi wangeishia hapo. Unaivaa shuleni siku moja, wenzako wanakushangilia, kesho yake umeisahau chini ya kitanda. Kabiru hakuacha. Alitengeneza akiwa mwanafunzi, akaendelea baada ya shule bila kusomea sanaa popote, akaendelea alipopata nafasi ya kufanyia kazi Kuona Trust, kituo cha wasanii hapa Nairobi. Kazi hizo akaziita C-Stunners. Mwaka 2013 akateuliwa katika kundi la wabunifu wa TED, na mwaka 2015 miwani yake ikawa katika maonyesho makubwa ya ubunifu wa Afrika yaliyoandaliwa na jumba la makumbusho la Vitra, Ujerumani. Tangu ile miwani ya utotoni hadi hapo, ilikuwa imepita kama miaka ishirini.

Hapo ndipo nataka mtue kidogo. Miaka ishirini inatisha ukiitazama yote kwa pamoja. Lakini miwani moja haitishi. Ina mwanzo, ina mwisho, unaivaa, unaiona kasoro yake, kisha unashika nyingine. Tena hakuna mbili zinazofanana, maana kinachookotwa leo si kilichookotwa jana. Kijiko kilichopinda kinadai kiwe kitu fulani, na kizibo cha soda kinadai kingine. Kwa hiyo hakuhitaji kuamka na hamu. Alihitaji kushika kijiko. Mkono ukishaanza kazi, hamu hufuata nyuma yake, na nimeona hivyo kwa watu wengi mno hata siwezi kuamini kinyume chake.

Najua mtaniambia kwamba Kabiru alikuwa na karakana, ilhali nyinyi mna chumba kimoja, wadogo zenu watano, televisheni ya jirani, na stima inayopotea wakati wowote. Ni kweli, na siwezi kuwaambia mtafute mahali patulivu Huruma. Tafuteni jambo ambalo litatokea tu, mtake msitake, mkaifunge kazi yenu hapo. Katika ploti ninayoishi kuna msichana wa kidato cha pili anayeandika hadithi ndefu. Maji yakitoka, anapanga foleni na jerikani zake mbili, moja anaigeuza kiti, daftari linakaa magotini. Anaandika mpaka zamu yake ifike. Wakimwita, anaacha sentensi katikati, hata kama alijua itakavyoisha. Nilipomuuliza kwa nini asiimalize, alinijibu, "Nikiimaliza, shosho, siku nyingine sitajua pa kushikia." Daftari la kwanza limejaa. Sijui mwalimu aliyemfundisha hilo. Nadhani ni foleni yenyewe.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o hakuwa na hata daftari. Alikamatwa mwisho wa mwaka 1977, akawekwa kizuizini Kamiti bila kufunguliwa mashtaka, mpaka Desemba 1978. Humo ndani aliandika riwaya ya Kigĩkũyũ, Caitaani Mũtharaba-inĩ, kwenye karatasi za chooni. Zilikuwa karatasi ngumu, zisizofaa kwa mwili, lakini kalamu ilizipenda. Kuna wakati askari walizichukua katika upekuzi, baadaye akarudishiwa. Kitabu kilichapishwa mwaka 1980. Hebu fikirini kazi ya mwezi baada ya mwezi inaondoka mkononi mwa mtu, naye hana wa kumlalamikia.

Kuna kuchoka pia, na kuchoka si dhambi. Kabiru naye hakubaki kwenye miwani peke yake. Aligeukia zile baiskeli nzito tulizoziita Black Mamba, zilizobeba watu na mizigo kabla ya bodaboda za pikipiki kuzifukuza barabarani, na baadaye redio za zamani. Alibadilisha kinachotengenezwa, lakini bado ni vyuma vilivyotupwa, na mikono ni ile ile. Ukichoka kuandika hadithi, andika barua ya mmoja wa wahusika wako. Ukichoka kuchora nyuso, chora viatu. Mradi penseli isilale.

Jambo moja nalisema kwa ukali, maana nawapenda: msiende kuokota vitu jaani. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa la Dandora, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kinachokubalika. Sindano za hospitali pia hutupwa huko.

Nendeni Kariobangi Light Industries, kwa mafundi wa vyuma. Salimieni kwanza, ombeni vipande vya waya vinavyofagiliwa jioni, visivyo na ncha kali, na mkifika nyumbani mvioshe. Kisha mniletee kitu cha kwanza mlichotengeneza, hata kikiwa kimepinda. Nitakitazama vizuri, halafu nitawauliza cha pili kiko wapi.