Mtoto amepuliza mashine ya mapafu: je, namba yake ni ya kawaida?

Mama, umetoka kliniki na karatasi yenye namba nyingi. Mwanao wa miaka minane anakohoa usiku na kifua kinambana akikimbia, ndiyo maana wamempuliza kwenye mashine ya kupima mapafu, spirometa. Karatasi inasema asilimia 75. Jirani amekwambia chini ya 70 ndiyo mbaya, basi unashusha pumzi.

Subiri kwanza.

Hiyo 75 maana yake ni kwamba, katika hewa yote aliyoitoa mtoto, robo tatu ilitoka ndani ya sekunde ya kwanza. Njia za hewa zikibana, kama inavyotokea kwenye pumu, hewa huchelewa kutoka na namba hushuka. Mpaka wa 70 umezoeleka kwa watu wazima. Watoto wenye afya hutoa hewa haraka zaidi, wengi wa umri huo hukaribia asilimia 90. Kwa mwanao, 75 ni ndogo na inahitaji kufuatiliwa. Bibi yake wa miaka 75 akipata 67, huenda hana ugonjwa wowote, kwa sababu mapafu nayo huzeeka kama magoti.

Kwa hiyo namba peke yake haisemi kitu mpaka ilinganishwe na ya watu wenye afya wa umri, jinsia na urefu kama wa anayepimwa. Zamani watoto walikuwa na viwango vyao na wakubwa vyao. Kijana akihamishwa kutoka kundi moja kwenda jingine, majibu yake yangeweza kubadilika ghafla wakati mapafu ni yale yale. Mwaka 2012 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa viwango vinavyoanzia miaka 3 hadi 95 bila kukatika, kutokana na vipimo vya watu zaidi ya 70,000 wenye afya, wasiovuta sigara, kutoka nchi 26.

Viwango hivyo viligawa watu kwa asili zao, na kundi la watu weusi lilitokana na Wamarekani weusi. Walitarajiwa kuwa na hewa kidogo kuliko wazungu, kwa hiyo mtu mweusi mwenye mapafu dhaifu angeweza kuambiwa yuko sawa. Mwaka 2022 vikatolewa viwango visivyouliza asili ya mtu. Si mashine zote zimebadilishwa, kwa hiyo una haki ya kuuliza kliniki yenu inatumia vipi.

Jambo ambalo wewe mwenyewe unaweza kulisimamia ni urefu. Niliwahi kuandika urefu niliotajiwa na mama badala ya kumpima mtoto, foleni ilikuwa ndefu. Kiasi cha hewa kikaonekana kizuri. Nilipompima baadaye, alikuwa amezidi kwa sentimita tano. Kwa mtoto wa sentimita 125, tofauti hiyo hubadilisha hewa inayotarajiwa kwa karibu sehemu moja ya kumi, na majibu yake hayakuwa mazuri tena. Tangu siku hiyo kila mtoto anavua viatu na kusimama ukutani. Mwenye mgongo uliopinda au asiyeweza kusimama hupimwa upana wa mikono aliyoinyoosha.

Usiogope pia kama namba imeshuka kidogo tu chini ya mpaka. Mpaka huo umewekwa mahali ambapo watu 5 kati ya 100 wenye afya huangukia chini yake. Daktari ataangalia dalili, atarudia kipimo, pengine baada ya dawa ya kuvuta, aone kama hewa imeongezeka. Usimwachishe mtoto inhela kwa sababu karatasi imependeza. Na akihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani au akishindwa kumaliza sentensi, usisubiri siku ya kipimo, mpeleke hospitali hapo hapo.

Karatasi za zamani usizitupe. Zifunge pamoja na kadi ya kliniki, uje nazo kila mara, tumlinganishe na yeye mwenyewe wa mwaka jana.