KIJANI CHA ZIWANI NA UGONJWA WA SARATANI

Umewahi kupita Nakuru au Bogoria ukaona flamingo wamejaa ziwani mpaka maji yanaonekana ya waridi? Ndege hao hawafuati samaki. Wanachuja vijidudu vya kijani visivyoonekana kwa macho. Wengi wetu huviita mwani, kumbe ni bakteria! Jina lao ni sainobakteria. Jamaa zao hufugwa, hukaushwa na kuuzwa kama unga wa spirulina.

Mwaka jana nyanya yangu alipatikana na saratani ya titi. Kabla hajaanza matibabu, mchuuzi mmoja akamletea chupa ya unga huo, ati unaponya kansa yoyote kwa wiki mbili. Nyanya alikuwa tayari kuuza mbuzi wake. Akaniuliza, "Wewe unayesoma bayolojia, ni kweli?" Sikuwa na jibu. Nilimwendea mwalimu wetu, kisha nikaingia maktabani.

Seli ya kawaida ikichakaa hujiua. Seli ya saratani hukataa kufa, ikaendelea kugawanyika ovyo. Sasa, ndani ya sainobakteria mna protini ya rangi ya buluu iitwayo fikosianini, ambayo kazi yake ni kunasa mwanga wa jua. Watafiti wameitia kwenye seli za saratani maabarani, wakaona baadhi zinaacha kugawanyika na kufa. Jambo la kutia moyo, sivyo? Lakini chombo cha maabara si mwili wa mtu. Protini ukiila, tumbo huivunjavunja sawa na ya maharagwe. Tena sainobakteria wengine wana sumu inayoharibu ini, kwa hivyo usithubutu kuchota maji ya ziwa ukanywa!

Je, basi hakuna matumaini? Yapo. Mnamo 1972 wanasayansi walikusanya konokono fulani wa baharini huko Mauritius, katika Bahari hii yetu ya Hindi. Mwaka wa 1987 wakatangaza muundo wa dolastatini 10, mnyororo mfupi wa vijenzi vinavyofanana na vya protini. Baadaye, 2001, ikajulikana kwamba sainobakteria ndio wanaoitengeneza. Konokono hujipatia kwa kuwala. Dolastatini yenyewe haikufaulu kwa wagonjwa. Wataalamu wakatengeneza jamaa yake, wakaifunga kwenye kingamwili inayoipeleka moja kwa moja hadi kwenye seli mbaya. Mwaka wa 2011 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa saratani ya tezi za limfu iitwayo Hodgkin.

Hebu hesabu: kutoka 1972 hadi 2011 ni miaka 39! Mchuuzi wetu yeye alitaka wiki mbili tu.

Nilimweleza nyanya haya yote jioni moja jikoni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mbuzi auzwe, lakini pesa ziende hospitali." Na ndivyo ilivyokuwa. Bado anaendelea na matibabu.

Wenzangu, wahenga hawakukosea: haraka haraka haina baraka. Ukiletewa dawa ya miujiza, muulize daktari kwanza. Nanyi mnaopenda sayansi, someni kwa bidii. Maziwa yetu yanawangoja.