Kichwa kinachouma kila wiki: hesabu vidonge kabla ya kumeza kingine

Mama mboga anayetoka Mtwapa saa kumi alfajiri kwenda kununua bidhaa Kongowea huwa ameshakaza shingo kabla jua halijachomoza. Anawaza nauli, bei ya nyanya, karo na mchango wa chama. Ikifika saa tisa alasiri kichwa kinambana pande zote mbili, kama mtu aliyefungwa kitambaa kwa nguvu. Anamtuma mtoto dukani alete vidonge viwili, anameza na kuendelea kuuza. Kesho yake mambo ni yale yale, na kesho kutwa pia.

Hali hii haiko sokoni pekee. Inawapata walimu, wahudumu wa bodaboda, makarani na wafanyakazi wa hoteli. Wengine hushikwa na mabega, wengine kiuno. Wakipimwa malaria haipatikani, eksirei haionyeshi kitu, na nyumbani watu huanza kunong'ona kwamba wanajifanya. Hawajifanyi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linatambua maumivu yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3 kuwa ni maumivu sugu, na yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe hata pasipo jeraha linaloonekana.

Mtu akiwa na msongo wa mawazo, mwili hujiandaa kana kwamba kuna hatari mbele. Misuli ya taya, shingo na mabega hukaza, pumzi huwa fupi na usingizi hukatika. Hatari ikipita, misuli hulegea. Shida ni kwamba deni halipiti kwa siku moja. Hali hiyo ikiendelea kwa miezi, mfumo wa fahamu nao huanza kuwa mwepesi wa kuhisi uchungu, mfano wa mbwa aliyezoea wezi ambaye sasa hubweka hata kuti likianguka. Ndiyo maana kazi ile ile ambayo mwaka jana haikumuumiza mtu, leo inamlaza.

Hapo ndipo vidonge vinapoingia, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Dawa za maumivu zinazouzwa bila cheti cha daktari zinasaidia zikitumiwa mara moja moja. Zikizoeleka, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa mtu ambaye tayari ana tatizo la kichwa, hatari hiyo huja anapotumia parasetamoli au ibuprofeni pekee siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3. Kwa vidonge vya mchanganyiko, kama vile vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini pamoja, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Mgonjwa huamka na kichwa kizito, anameza, anapata nafuu ya saa chache, kisha kinarudi. Anaamini ugonjwa umezidi, kumbe dawa ndiyo inayouendeleza.

Kichwa si kiungo pekee kinachodhurika. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo, na hazifai kutumiwa ovyo na mjamzito au mtu mwenye shinikizo la damu. Parasetamoli nayo huumiza ini ikizidishwa. Mtu mzima hapaswi kupita vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na wapo wanaopita bila kujua kwa sababu wamechanganya pakiti za majina tofauti zenye dawa ile ile.

Jambo jingine la kusahihishwa ni presha. Wengi wakiumwa kichwa husema, "Presha imepanda," na wengine humeza dawa za presha za jirani. Mara nyingi shinikizo la damu halina dalili yoyote, na kichwa kinachouma hakithibitishi kwamba lipo. Njia ya kujua ni kupima. Wahudumu wa afya ya jamii wanaozuru nyumba kwa nyumba walipewa vifaa kuanzia 2023, ikiwemo mashine ya kupima shinikizo la damu, na mkazi anaweza kumwomba wa kijiji chake ampime.

Hatua ya kwanza haina gharama. Chukua kalenda ya ukutani. Kila siku unayoumwa, tia alama ya mkasi. Kila siku unayomeza kidonge, zungushia tarehe duara. Duara zikikaribia 10 kwa mwezi, ipeleke kalenda hiyo zahanati. Afisa wa kliniki ataelewa mengi kwa kuiangalia kuliko kwa kusikia tu kwamba "kichwa huniuma sana". Anayeshauriwa kuacha vidonge ajue kwamba siku za mwanzo, hata wiki nzima au zaidi, kichwa huweza kuuma kuliko kawaida kabla ya kutulia. Wengi hurudia vidonge katika siku hizo. Ni vyema kupanga kuacha wakati kuna mtu wa kushika biashara.

Ushauri wa kupumzika wiki mbili hauna maana kwa mtu ambaye asipofungua kibanda watoto hawali. Linalowezekana ni kuigawa kazi, na kupumzika kabla uchungu haujaanza. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Kubeba miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, kunapunguza mzigo kwa upande mmoja. Anayekaa kwenye kigoda siku nzima asimame kila nusu saa, ashushe mabega, aachanishe meno na kutoa pumzi polepole mara kadhaa. Kutembea kwa miguu siku nyingi za wiki, kula kwa wakati na kulala saa ile ile husaidia zaidi ya inavyodhaniwa, ingawa matokeo huchukua wiki kadhaa. Wenye maumivu ya shingo na kiuno wanaweza kuomba kuelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo.

Wengine hupewa dawa ya kumeza usiku ambayo kwa kipimo kikubwa hutibu sonona. Kwa kipimo kidogo hutumika kuzuia maumivu, na kuandikiwa dawa hiyo si kuambiwa una wazimu.

Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hazilipiwi na waliojisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Usajili hufanywa kwa kupiga *147#.

Kuna maumivu ya kichwa yasiyongoja kalenda: yanayolipuka ghafla kwa ukali usiowahi kuhisiwa, yanayofuata kuanguka au ajali ya pikipiki, yanayokuja na homa na shingo ngumu, degedege, kuchanganyikiwa, ulimi mzito au udhaifu wa upande mmoja, na ya mjamzito au aliyejifungua karibuni, hasa akiona ukungu machoni. Huyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.