Hesabu za feza: mbona masomo ya biashara yanaongezwa?

Mwanafunzi wa masta katika hesabu za feza anajifunza kupima hatari: bei itashuka kiasi gani, deni gani litakosa kulipwa. Katika iniversite kadhaa za Marekani, anaruhusiwa kuchagua pia masomo machache ya biashara, kama vile kontabilite ao uongozi wa kampuni. Si ya lazima, na kuna wanaoyaruka.

Lakini faida iko. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani LTCM ilianguka. Kati ya wakubwa wake walikuwa Myron Scholes na Robert Merton, waliopata tuzo la Nobel la uchumi mwaka 1997. Ujuzi wa hesabu haukukosa. Ila kampuni ilikuwa imekopa mno, na wakati Urusi ilishindwa kulipa madeni yake, wenye feza wakaogopa, wote wakataka kuuzisha pamoja. Banki zililazimika kutoa dola bilioni 3.6 hivi kwa kuiokoa.

Mashariki ya Congo pia hatari hiyo inajulikana. Muchuuzi anakopa dola, anauzisha kwa franga. Franga ikishuka, deni linamulemea hata kama soko ni nzuri. Na banki zilipofungwa Goma mwanzo wa mwaka 2025, wateja wengi walikosa kufikia feza zao.

Kwa hiyo, mwenye nafasi ya somo moja tu aanze na kontabilite. Ndiyo inaonyesha feza za mukopaji zinaingia lini, na kwa makuta gani.