Je, Wajua? Umbo Linapogoma Kwenye Kompyuta

Je, wajua kwamba programu ya usanifu wa parametriki haihifadhi umbo peke yake kama unavyoliona kwenye kioo? Inahifadhi hatua: chora mstatili huu, uvute mpaka kimo cha milimita 20, toboa tundu hapa, viringisha ukingo ule. Ukibadili kipimo kimoja, hatua zote zinazokitegemea zinafanywa upya. Kwa hiyo kosa linaloonekana kwenye hatua ya kumi na tano huenda lilizaliwa kwenye hatua ya tatu, na wewe unahangaika na mtoto ilhali mgonjwa ni babu.

Orodha ya hatua ikiwaka nyekundu kuanzia katikati hadi chini, tafuta nyekundu ya kwanza kutoka juu. Nyingine ziache kwanza. Katika programu ya SolidWorks kuna mstari chini ya orodha unaoweza kuuburuta kwenda juu, na umbo linarudi lilivyokuwa kabla ya hatua hizo. Unaushusha hatua moja moja hadi uikute iliyovunjika. Ukiitibu hiyo moja, mara nyingi nyekundu kumi zinazimika kwa mkupuo. Wanaofuta kila kitu na kuanza upya wanapoteza siku nzima kwa tatizo la dakika tano, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi katika kazi hii.

Je, wajua kwamba wazo la kuiambia kompyuta “mistari hii miwili iwe sambamba” na ikatii lina zaidi ya miaka 60? Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 katika tasnifu yake ya MIT, kwa programu aliyoiita Sketchpad, akichora kwa kalamu ya mwanga kwenye kompyuta ya TX-2. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Turing. Lakini usanifu wa hatua na vipimo kama tunavyoujua viwandani ulisambazwa na Samuel Geisberg, mwanahisabati aliyehamia Marekani kutoka Umoja wa Kisovieti. Alianzisha kampuni ya Parametric Technology mwaka 1985, na programu yake ya Pro/ENGINEER ikaingia sokoni mwishoni mwa muongo huo.

Je, wajua kwamba mstatili mmoja wa kawaida unaanza na uhuru wa namna 16? Una mistari minne, kila mstari una ncha mbili, na kila ncha inaweza kwenda kushoto na kulia au juu na chini. Ukiunganisha ncha kwenye kona nne, unaondoa namna nane. Ukiamuru mistari miwili ilale na miwili isimame, unaondoa nne. Upana na kimo vinaondoa mbili. Zinabaki mbili za mwisho, ambazo ndizo watu husahau kuziondoa, kwa kuifunga kona moja kwenye kitovu cha mchoro. Bila hilo, mstatili una vipimo sahihi lakini unaelea, na siku utakapogusa kitu kingine utahama wenyewe.

Rangi zinakueleza hali hiyo. Programu ya FreeCAD, kwa mpangilio wake wa kawaida, hugeuza mchoro uliokamilika kuwa wa kijani. SolidWorks huacha mistari ya bluu pale uhuru unapobaki, na nyeusi pale mambo yalipokamilika. Usivute mchoro kuwa umbo kabla rangi haijabadilika. Programu itakuruhusu, lakini wewe usijiruhusu.

Je, wajua kwamba sharti la kweli kabisa linaweza kuleta kosa? Tuseme mstatili wako una mstari wa juu na wa chini ambayo yote imeamriwa kulala. Ukiongeza amri kwamba iwe sambamba, hujasema uongo, ila umerudia jambo lililokwisha kusemwa, na kikokotozi cha programu kinalalamika. Ukiweka upana wa milimita 50 juu na 52 chini, hapo sasa umejipinga. Haya ni makosa mawili tofauti na ujumbe wake ni tofauti, basi usome. FreeCAD hukuwezesha kubofya ujumbe wenyewe ili yale masharti yanayogombana yachaguliwe mbele yako, ufute moja tu.

Umebadili kipimo, mchoro ukageuka nje ndani? Hesabu ya umbali ina majibu mawili, upande huu na upande ule, na yote ni sahihi kwa kikokotozi. Kipimo kikiruka kutoka 10 hadi 200 kwa mkupuo mmoja, kinaweza kuangukia jibu la upande usioutaka. Rudi nyuma, kisha panda kidogo kidogo: 10, 40, 90, 200.

Je, wajua kwamba ncha mbili zinazoonekana kugusana zinaweza zisiwe zimeunganishwa? Nafasi ya sehemu ya elfu ya milimita huioni kwa urahisi, lakini mchoro ulio wazi haufungi eneo, na bila eneo lililofungwa hakuna umbo mango. Ugonjwa huu huja sana na michoro ya DXF, mfumo wa faili ulioletwa na Autodesk mwaka 1982 pamoja na AutoCAD ya kwanza. Dada yake ni mstari uliochorwa mara mbili, mmoja juu ya mwenzake: kwa macho ni mmoja, kwa programu ni vurugu. FreeCAD ina kifaa cha kukagua mchoro kinachotafuta ncha zilizokosa kuunganishwa na kukupa nafasi ya kuziunga zote kwa pamoja.

Sasa tufike kwenye tatizo lililoliza watu wengi kuliko yote. Je, wajua kwamba kwa programu, ukingo uliouviringisha hauna jina la kudumu? Wewe unasema “ukingo wa mbele, juu”. Yenyewe inaandika “ukingo namba 7”. Ukirudi nyuma ukaongeza tundu, kingo zinahesabiwa upya, na namba 7 sasa ni ukingo mwingine kabisa. Ni sawa na kumwelekeza mgeni kwamba kwenu ni nyumba ya tatu kutoka kona, halafu mtu akajenga nyumba mpya pale konani: mgeni anafuata maelekezo barabara na anabisha hodi kwa jirani. Mviringo unahamia usipotakiwa, tundu linatoboka upande wa pili, au kila kitu kinavunjika.

Programu za kibiashara zimewekeza miaka mingi kuficha tatizo hili, na hata hizo hushindwa mara nyingine. FreeCAD, ambayo ni huru na bila malipo, ilianza kutolewa mwaka 2002 na iliishi nalo hadi toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024. Dawa iliyoingizwa humo ilijengwa juu ya kazi ya Lei Zheng, mtaalamu ambaye watumiaji wengi wanamjua kwa jina la realthunder, aliyekuwa akiitunza nakala yake ya programu kwa miaka kadhaa. Kwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi asiye na pesa ya leseni, naihesabu hiyo kuwa habari kubwa kuliko kipengele chochote kipya cha programu ghali.

Hata hivyo dawa si kinga kamili, na tabia njema bado inalipa. Usitundike mchoro wa pili kwenye uso wa umbo la kwanza kama kuna njia nyingine. Utundike kwenye mojawapo ya bapa kuu tatu za mwanzo, kisha uusogeze kwa kipimo. Bapa hizo hazihesabiwi upya kamwe.

Je, wajua kwa nini mviringo wa milimita 5 unakataa na wa 4.99 unakubali? Chukua bamba lenye unene wa milimita 10. Viringisha ukingo wa juu kwa 5 na wa chini kwa 5: uso wa pembeni umeliwa wote, umebaki mstari usio na upana. Open CASCADE, kiini cha jiometri kinachoendesha FreeCAD, mara nyingi hushindwa hapo. Punguza kidogo sana na uso unabaki. Na kuviringisha kingo kuwe kazi ya mwisho, baada ya matundu na mikato yote, kwa sababu kila mviringo huzaa kingo mpya ambazo hatua zinazofuata zitazitegemea.

Kukomba umbo ndani kuna kisa kama hicho. Kona ya nje ina mviringo wa milimita 3, nawe unataka ukuta wa 4. Mviringo wa ndani ungekuwa hasi 1. Ongeza mviringo wa nje au punguza ukuta.

Je, wajua kwamba katika programu ya OpenSCAD tundu lenye urefu sawasawa na unene wa bamba huacha utando usio na unene unaometameta kwenye picha? Nyuso mbili zimelaliana, na haijulikani ipi iko juu. Refusha kifaa cha kutobolea kipite bamba kwa milimita moja kila upande, utando unaisha.

Vipimo. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, ndivyo ilivyokubaliwa mwaka 1959. Je, wajua kwamba faili la STL, lililobuniwa na 3D Systems mwaka 1987 na ambalo printa nyingi za 3D hulipokea, halina mahali maalumu pa kuandika kama namba zake ni inchi au milimita? Limebeba pembetatu tu. Kipande cha inchi 2 kikisomwa kama milimita 2 kinatoka kidogo kama punje ya mchele. Kikuze kwa asilimia 2540 kitarudi. Na mtu akikuomba umbo ili alibadili, usimpe STL. Mpe STEP, kiwango cha ISO 10303 kilichochapishwa kwanza mwaka 1994, ambacho hubeba nyuso halisi pamoja na vipimo vyake. Historia ya hatua zako, kwa kawaida, haitasafiri nacho.

Ndani ya FreeCAD, ukiandika 10 mm + 5 utakataliwa. Tano za nini? Andika 5 mm. Upande wa pembe pia ni mtego: kwenye fomula za FreeCAD, sine ya 30 ni 0.5, kwa kuwa inahesabu digrii. Ukiandika programu ndogo ya Python, sine ile ile inahesabu radiani na unapata hasi 0.988.

Je, wajua kwamba matoleo mawili ya programu moja yalichangia kuchelewesha ndege kubwa ya abiria kuliko zote? Airbus A380 ina nyaya za umeme za takriban kilomita 530. Wahandisi wa Hamburg walitumia CATIA ya toleo la 4, wa Toulouse wakatumia la 5, na mabadiliko hayakuwa yakihama vizuri kati yao. Mafungu ya nyaya yalipofika kwenye ndege yakawa mafupi. Kashfa ililipuka mwaka 2006, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007. Kabla ya kugawana kazi na mwenzako, ulizaneni matoleo.

Je, wajua kwa nini ramani ya mpima ardhi wa Dar es Salaam hutetemeka kwenye kioo? Kwa koordineti za mfumo wa ramani wa UTM, jiji lina namba ya kaskazini ya takriban mita 9,248,000. Igeuze iwe milimita: inazidi bilioni tisa. Picha kwenye kadi ya grafiki kwa kawaida huchorwa kwa namba za biti 32, zenye tarakimu saba hivi za kuaminika, kwa hiyo kwa ukubwa huo hatua ndogo kabisa inayoweza kuonyeshwa inakaribia mita nzima. Hamisha mchoro karibu na sifuri kabla ya kufanya lolote, na uandike pembeni kiasi ulichouhamisha.

Duara lako lina pembe kama nati? Huenda ni picha tu. Programu huchora pembetatu chache ili kompyuta isichoke. Pima nusu kipenyo na utakuta duara ni kamili.

Ukiambiwa kuna mzunguko katika utegemezi, maana yake A anasubiri kipimo cha B naye B anasubiri cha A. Chukua kipimo hicho, kiweke kwenye jedwali, wote wawili wakisome huko.

Usichonge nyuzi za kila bolti. Bolti ya M10 ya kawaida ina umbali wa milimita 1.5 kati ya uzi na uzi; katika kazi ya chuma fundi anahitaji tundu la 8.5 na maandishi “M10”, nyuzi atazikata mwenyewe kwa tepu. Nyuzi halisi ziwekwe pale unapochapisha kwa printa ya 3D. Kwingine zinaifanya kompyuta ya kawaida iburuze miguu bure.

Mwisho, je, wajua kwamba faili la FCStd la FreeCAD ni zipu? Likikataa kufunguka, tengeneza nakala, badili mwisho wa jina uwe zip, fungua. Ndani utakuta Document.xml, na humo hatua zako na namba zako zikiwa maandishi yanayosomeka. Lakini kabla ya hapo angalia folda yenyewe: FreeCAD kwa kawaida huacha pembeni nakala ya toleo ulilohifadhi kabla ya la sasa, lenye mwisho wa FCBak. Libadili jina liwe FCStd, lifungue, uendelee na kazi.